Masikio ya Fundi Eliya

Theodora alirudi kutoka Ipole Jumamosi jioni, vumbi la safari limemjaa mpaka kwenye kope, mkononi ana dumu dogo la asali alilopewa na majirani wa marehemu dada yake. Jumapili saa nne asubuhi, akiwa amekaa benchi la tatu upande wa akina mama, akajua kwamba mume wake ameharibu.

Kwaya ilikuwa imesimama. Silasi, mpiga gitaa la solo, alisogea mbele hatua moja kama wafanyavyo wapiga solo wote, hata wa kanisani, akagusa nyuzi. Kilichotoka kwenye amplifaya kilikuwa kama sufuria inakwanguliwa ukoko kwa kijiko cha bati. Bibi mmoja wa benchi la mbele alivuta khanga yake akajiziba masikio. Kichanga kikaanza kulia, kikafuatwa na kingine. Mwalimu wa kwaya akamkata Silasi jicho, Silasi akainama akashusha kitufe cha trebo mpaka mwisho, na ule ukali ukabaki palepale, haukupungua hata chembe.

Theodora hakuwa na haja ya kumtazama Silasi. Alitazama upande wa wanaume, benchi la tano. Eliya alikaa wima ndani ya shati lake jeupe la mikono mirefu, kichwa kinafuata mdundo taratibu, anatabasamu. Kanisa zima aliyekuwa anatabasamu ni yeye peke yake.

"Mungu wangu," Theodora alinong'ona. "Kafanya peke yake."

*

Eliya alikuwa fundi wa redio na amplifaya pale Ng'ambo, mjini Tabora, kwa miaka ishirini na saba. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba waliyopanga, meza moja, taa moja, na harufu ya lehemu iliyokwisha kuingia mpaka kwenye mapazia. Mikono yake ilikuwa inasifiwa hadi Igunga. Masikio yake ndiyo yaliyokuwa yanamkimbia, na yalikuwa yanakimbia kwa ujanja. Lori likipita barabarani alilisikia. Ngoma aliisikia, na sauti nene ya mchungaji aliisikia vizuri kuliko hata mkewe. Lakini ndege wa alfajiri, kijiko kikianguka sakafuni, mluzi, sauti za wajukuu kwenye simu, vyote hivyo vilikuwa vimeondoka kimoja kimoja bila kuaga.

Hakuna aliyelisema jambo hilo ndani ya nyumba. Mwanzoni Eliya alikuwa anauliza, "Hebu sikiliza, mama Levina, iko sawa?" Halafu akaacha kuuliza, maana kuuliza ni kukiri, akaanza kutazama tu. Theodora alikaa mlangoni na ungo wa mchele, anachambua mawe. Sauti ikiwa bado kali, au bado imefubaa, mikono yake iliendelea kuchambua. Ikikaa sawa, mikono ilisimama. Eliya aliitazama ile mikono, akaweka bisibisi chini, akasema, "Hapo." Mteja akatingisha kichwa kwa kustaajabu masikio ya fundi. Walikuwa wamekula kwa njia hiyo miaka sita.

Theodora hakujua kama mumewe anajua anachokitazama. Siku moja, miaka miwili nyuma, alithubutu kumwambia, "Baba Levina, kwa nini tusiende hospitali wakakupima masikio?" Eliya alifunga karakana siku tano, akalala anatazama ukuta, na siku ya sita akafungua. Theodora hakurudia. Fundi wa redio aliyechomeka kifaa masikioni, nani atampelekea redio yake?

Sasa amplifaya ya kwaya ilikuwa imeletwa Theodora akiwa Ipole anamzika dada yake Elieth. Ilikuwa ya zamani, sauti yake imefubaa, solo linasikika kama mtu anaimba ndani ya gunia. Eliya alikuwa ameifungua, akachomelea kapasita ndogo juu ya volyumu ili sauti nyembamba ipite moja kwa moja. Akasikiliza, akaona bado. Akaongeza nyingine, akaona bado. Nani angemwambia kwamba gunia lilikuwa masikioni mwake mwenyewe? Mlangoni hapakuwa na mtu.

*

Baada ya ibada watu walibaki uani kusalimiana. Vijana wa kwaya walimzunguka Eliya.

"Fundi, solo lile umelifanyaje?" Silasi aliuliza. "Nimeshusha trebo yote, halisikii."

"Lisikie nini? Hilo ndilo solo. Mlizoea gitaa lililovaa sweta."

"Fundi, lile si gitaa, lile ni king'ora cha gari la wagonjwa!" kijana mmoja wa besi alisema, na wote wakacheka. Eliya naye alicheka, ila macho yake yalikuwa yanazunguka kwenye nyuso zao, yanatafuta ni nani atakayeacha kucheka kwanza. Hakuna aliyeacha.

Theodora aliona aibu ikimpanda shingoni, akajifanya anarekebisha kilemba. Kumwona mume wako anachekwa na watoto aliowatengenezea redio za baba zao si jambo dogo.

Mzee Samweli Ngollo akaja, fimbo mkononi, na vicheko vikapungua. Alikuwa mstaafu wa reli na mwenyekiti wa kamati ya ujenzi wa kanisa jipya.

"Mwanakondoo ameshinda!" alisalimia.

"Tumfuate!" wakaitikia.

"Shikamoo, mzee," Theodora alisema akikunja goti.

"Marahaba, mama. Pole na msiba. Mama yako anaendeleaje huko?"

"Yupo tu, mzee. Hawezi kuinuka bila kushikwa."

Mzee Ngollo akasikitika kidogo, halafu akamgeukia Eliya. "Fundi, nikuambie ukweli mbele ya watu. Ijumaa kamati inaamua nani atafunga vyombo vya kanisa jipya, pamoja na makanisa ya mitaa yetu minne ya nje, mpaka Igalula. Kazi ya miezi minane. Mimi nimekutaja wewe. Lakini yupo kijana wa Igunga ameleta barua nzuri, na leo wajumbe wamesikia walichokisikia."

"Mzee, naipeleka nyumbani leo hii naisawazisha."

"Hapana. Wanataka kuona. Jumanne saa tisa, humu humu kanisani. Uifungue, uisawazishe, Silasi apige, sisi tukae tusikilize. Kama ni mzaha wa vijana, utajulikana."

"Hakuna shida," Eliya alisema, akampiga Silasi begani kwa kishindo zaidi kuliko ilivyohitajika. "Hakuna shida kabisa."

*

Mchana ule walikula ugali na mlenda. Simu ya Theodora ilipoita, Eliya hakuinua kichwa. Alikuwa Maua, jirani wa Ipole, aliyekubali kumwangalia mama tangu siku ya mazishi.

"Dada, mama leo kanywa uji nusu kikombe. Anakuuliza. Nami sitaki kukuficha, mume wangu kanipigia kutoka Nzega, anataka tarehe thelathini niwe nimefika. Wewe utakuja lini?"

"Nitakuja, Maua. Nivumilie kidogo."

"Nakuvumilia dada, lakini siku zinakwisha."

Theodora aliweka simu chini. Waliwahi kumleta mama Tabora mwaka juzi, akalia wiki tatu, akakataa kula, akasema hatakufa kwenye nyumba ya kupanga wakati ana nyumba yake na makaburi yake. Elieth ndiye aliyekuwa anamgeuza kitandani, anamwogesha, anamlisha. Sasa Elieth yuko chini ya udongo, na mtoto wa kike aliyebaki ni mmoja.

"Maua anaondoka mwisho wa mwezi," Theodora alisema kwa sauti nene, sauti aliyokuwa amejizoeza kuitumia kwa mumewe bila yeye kujua.

"Nimesikia."

"Mama atabaki na nani?"

Eliya alinawa mikono polepole. "Mke wangu, mimi nimekataa usiende? Nikipata kazi hii, utaenda, tena utaenda na unga na sukari na sabuni. Nisipoipata, hata hiyo nauli ya Ipole tutaitoa wapi? Mwezi huu wote nimepata redio tatu na amplifaya hiyo hiyo moja wanayonichekea."

"Basi waambie wailete hapa. Kanisani panapiga mwangwi. Hapa utafanya kwa utulivu."

"Wamesema kanisani." Akamtazama. "Kwani unaogopa nini?"

Theodora alikusanya vyombo. Aliogopa kwamba kanisani hakuna mlango wa kukaa na ungo wa mchele.

*

Usafi wa kanisa ulikuwa na zamu yake, na Jumanne haikuwa siku ya mtu. Jumatatu asubuhi Theodora alimwendea Apolinaria, mama aliyekuwa anasimamia zamu, akamwomba afagie Jumanne saa tisa badala ya Jumamosi.

"Jumanne? Kanisa limefagiliwa juzi, utafagia nini?"

"Jumamosi nina shughuli."

"Na ufagie saa tisa, kwenye jua kali? Theodora, wewe una lako."

Theodora alitoa chupa ya soda iliyojaa asali ya Ipole, akaiweka mezani. Apolinaria akaiinua kwenye mwanga akaitazama, akafungua, akaonja kwa kidole. "Funguo zipo kwa mlinzi," alisema. "Na ukimaliza unyooshe mabenchi."

Kwa hiyo Jumanne saa tisa Theodora alikuwa ndani ya kanisa lisilo na taka, khanga kiunoni, anafagia sakafu safi. Wajumbe watatu wa kamati walikaa benchi moja, Mzee Ngollo katikati, fimbo kati ya magoti. Mmoja wao alimwambia, "Mama, vumbi," naye akaomba radhi, akanyunyiza maji kidogo, akaendelea kwa mbali. Eliya alikuwa amepiga magoti mbele ya amplifaya kama mtu anayetubu. Alipomwona mkewe alisita sekunde moja, kisha akarudisha macho kwenye skrubu.

Aliifungua kwa haraka na usafi, akaonyesha bodi kwa wajumbe, akawaeleza kapasita ipi ameiweka na kwa nini. Alikuwa anaeleza vizuri. Akazing'oa zote mbili.

"Piga," alimwambia Silasi.

Silasi akapiga kipande kile kile cha Jumapili. Sauti ikatoka imezibwa, imelala, imerudi ndani ya gunia. Ufagio uliendelea. Eliya aliinua kichwa, akatazama huku na huku kama anayetafuta alikoweka koleo, macho yakapita kwenye ufagio, yakarudi.

"Hapo si mbaya, fundi," Silasi alisema. Alikuwa na haraka zake.

"Bado," Eliya alisema.

Wajumbe wakatazamana. Mmoja akanong'ona kwamba huyu ana msimamo.

Akachomelea kapasita moja, ya wastani. Moshi wa lehemu ukapanda. Silasi akapiga. Sasa sauti ilikuwa kali, si kama ya Jumapili, lakini bado ilikuwa inachoma. Theodora aliendelea kufagia. Eliya akaitoa bila kuambiwa na mtu. Akatafuta kwenye kikopo chake, akachukua ndogo kabisa, rangi ya udongo, si kubwa kuliko punje ya dengu. Akaichomelea. Akapuliza.

"Piga."

Ikatoka. Theodora aliisikia kabla hajajiandaa kuisikia. Gitaa lilikuwa wazi, kila uzi unajitegemea, juu kuna mng'ao lakini haukwaruzi, na chini kuna joto. Kanisa tupu lilijaa. Hata mjumbe aliyekuwa anasinzia alifumbua macho.

Ufagio ulikuwa mkononi mwake na mkono ulikuwa wake. Wakati ule, na hili Theodora hakuja kumwambia mtu yeyote maisha yake yote, aliwaza kuendelea. Afagie mara tatu nne zaidi, basi. Eliya angeitoa ile punje ya dengu, angeweka nyingine, angeharibu mbele ya macho ya wote, na kazi ingekwenda kwa kijana wa Igunga. Wangefunga karakana. Wangeenda Ipole, fundi asiye na kazi alime tumbaku kama wanaume wengine, na yeye amgeuze mama yake kitandani asubuhi na jioni. Eliya angekufa kwa aibu ya kuishi ukweni, lakini watu wangapi wamekufa kwa aibu hiyo kweli? Mkono wake ulivuta ufagio mara moja. Ukavuta mara ya pili.

Eliya alikuwa amemgeukia. Chuma cha kuchomelea kilikuwa tayari kimegusa lehemu, kinasubiri. Alikuwa na miaka hamsini na nne, nywele zimeanza kuwa nyeupe juu ya masikio yasiyomfaa, na alikuwa anaitazama ile mikono kwa namna ambayo hakuwahi kuutazama uso wa mtu. Theodora alimwonea huruma, akajichukia kwa kumwonea huruma.

Akasimamisha ufagio.

"Hapo," Eliya alisema.

Mjumbe wa kushoto alipiga makofi. Silasi alicheka, akapiga kipande kile mara mbili zaidi kwa raha zake mwenyewe. "Fundi, nisamehe. Masikio hayo Tabora nzima hakuna."

"Masikio ni kazi," Eliya alisema, akifunika amplifaya. "Kijana wa leo ana vifaa, sikio hana."

*

Theodora alikuwa bombani nyuma ya kanisa, anasuuza ufagio ambao haukuwa na uchafu, alipoisikia fimbo ya Mzee Ngollo kwenye kokoto.

"Mama Levina, leo si zamu yako."

"Nilibadilishana, mzee."

"Najua. Nimeuliza." Akaegemea ukuta, akatafuta maneno. "Mimi nimefanya kazi ya ishara reli miaka thelathini na moja. Bendera ya mchana, taa ya usiku. Treni inakwenda ama inasimama kwa mkono wa mtu mmoja, na dereva anamtazama yeye tu. Nimekaa pale ndani nikajisemea, Samweli, mbona unaijua kazi hii?"

Maji yaliendelea kutiririka. Theodora alifunga bomba.

"Mzee, ninakuomba."

"Usiniombe, mama. Sikuja kukuaibisha." Alikuwa anasema kwa upole wa kweli, na huo upole ndio uliomtisha. "Wale wenzangu hawakuona kitu. Mumeo ana mikono ambayo yule kijana wa Igunga hataipata. Nitamtetea Ijumaa na kazi ataipata. Lakini fedha ile ni ya waumini, imechangwa kwa kuku na kwa magunia ya mpunga, nami ndiye nitakayeulizwa. Kwa hiyo tuelewane. Anakofunga vyombo, nawe uwepo. Hapa na kwenye mitaa yote minne. Siku usipokuwepo, nitasimamisha kazi."

"Miezi minane?"

"Minane. Labda tisa."

"Mzee, mama yangu hawezi kuinuka. Anayemwangalia anaondoka mwisho wa mwezi. Nilikuwa nakwenda Ipole."

Mzee Ngollo alivua kofia, akajipangusa jasho. "Pole sana, mwanangu. Hilo sikulijua. Basi niambie sasa, nimpe yule wa Igunga, kabla sijamsemea mumeo kwa kamati. Sitakulaumu."

Kutoka ndani ilisikika sauti ya Eliya. Alikuwa anacheka na Silasi, kicheko kikubwa cha zamani ambacho Theodora hakuwa amekisikia tangu mwaka uliopita.

"Malipo je?" aliuliza, ili asijibu lile jingine.

"Mkataba ni wa fundi mmoja, mama. Nikiandika wawili wataniuliza wa pili anafanya nini, nami nitasema nini?"

"Kweli."

"Na yeye usimwambie. Mwanaume wa namna ile ukimwambia, na mikono nayo itakufa."

Theodora alikung'uta ufagio mpaka ukaacha kudondosha maji. "Nitakuwepo, mzee," alisema.

*

Ijumaa Eliya alirudi na barua yenye mhuri, na kilo mbili za nyama kwenye mfuko mweusi. Aliisoma barua akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa amekaa. Alimwita mwenye nyumba aje asikie, na mwenye nyumba, ambaye kwa miezi miwili alikuwa anapita mlangoni bila salamu, akaingia akamwita "baba."

Walipobaki wawili na nyama ikawa mezani, Eliya alimshika mkewe mkono. Hakuwa mtu wa kushika mikono.

"Nilikuahidi," alisema. "Wamenipa malipo ya awali. Jumatatu unapanda basi, unakwenda Ipole kwa mama. Kaa miezi mitatu, kaa hata sita. Mimi kazi ninayo, nitajipikia."

Theodora aliutazama uso wake na akauona wazi mpaka chini. Mumewe hakuwa anajifanya. Hakuwa anajua. Kule kanisani aliamini kwamba yaliyoamua "hapo" ni masikio yake mwenyewe, na kwa imani hiyo alikuwa mwema, mwenye moyo mpana, tayari kujipikia ugali miezi sita kwa ajili ya mama wa mkewe. Angekuwa mkali siku ile ingekuwa nafuu.

"Tuzungumze kwanza, baba Levina. Kazi yenyewe ndiyo inaanza..."

"Tuzungumze nini? Juzi ulikuwa unalia uende, leo unaruhusiwa unataka mkutano?" Alikuwa anacheka. Alishachukua simu, akapiga, akaweka sauti ya nje. "Shikamoo, mama! Mimi mkweo, Eliya!"

Sauti ya mama ilikuja kwa mbali, nyembamba, imechoka. "Marahaba, baba. Mzima? Mtoto wangu yupo? Maua ameshafunga mizigo yake, nimemwona."

"Ndiyo mama, asante mama!" Eliya alisema kwa furaha. Hakuwa amesikia neno. "Sasa mama, nina habari. Nimepata kazi kubwa. Binti yako namleta, Jumatatu nampandisha basi mimi mwenyewe. Atakaa na wewe mpaka umchoke!"

Mama akapiga kigelegele. Kilikuwa kifupi, cha mtu asiye na pumzi, kikakatika katikati kwa kikohozi. Eliya aliitikisa simu, akaitazama.

"Mtandao umekata. Chukua, ongea naye."

Theodora aliipokea. Alizima sauti ya nje, akaiweka sikioni. Mumewe alikuwa amekaa mbele yake, kati yao meza tu, anavuta bakuli la nyama.

"Mayu," Theodora alimwita mama yake kwa kilugha cha kwao, akiteremsha sauti mpaka ikabaki pumzi na ulimi tu. Ilikuwa sauti ambayo mtu mwingine yeyote ndani ya chumba kile angeisikia. "Mayu, nisamehe. Siji."

"Mumeo anasema Jumatatu."

"Hajui. Siwezi kutoka hapa. Nikitoka, kazi yake inakufa siku hiyo hiyo. Siji, mama, si Jumatatu wala mwezi huu. Nitamtafuta mtu wa kukaa na wewe, nitamlipa, nitauza hata cherehani. Nisamehe."

Eliya alimtabasamia, akachagua pande la nyama lenye mafuta, akaliweka kwenye sahani ya mkewe.

Theodora alisikia kuku wa Ipole, akasikia Maua anafagia uani, akasikia mama yake anavuta pumzi na kuitoa. Alisikia vyote.

"Haya, mwanangu," mama alisema mwishowe. "Basi mwambie Maua mwenyewe. Mimi sina nguvu ya kumwambia." Simu ikakatwa.

"Mama anasemaje?" Eliya aliuliza.

Theodora alilazimika kusafisha koo mara mbili kabla ya kupata ile sauti nene. "Amefurahi sana. Lakini anasema nisiende sasa. Anasema una kazi kubwa, nikae nikuangalie."

Eliya aliacha kutafuna. Macho yake yalilowa, mtu mzima yule, akageuza uso upande ili mkewe asimwone. "Unaona mama yako alivyo?" alisema. "Ananijali mimi kuliko anavyojijali mwenyewe. Kula, mke wangu. Nyama inapoa."

Theodora akala.